Abiria wa Katanga haachani na gunia lake

Siku hizi ukikaa na watu Lubumbashi, iwe ndani ya taxi-bus ya kwenda Ruashi au barazani kwa mzee mstaafu pale Makomeno, neno Lobito halikosekani. Tangu Rais Joe Biden wa Marekani afike kwenye bandari hiyo ya Angola mwezi Desemba 2024, na hasa tangu Kinshasa na Washington zitie saini makubaliano ya ushirikiano wa kimkakati tarehe 4 Desemba 2025, habari ya reli imekuwa habari ya matumaini. Watu wanapiga hesabu: fedha zinakuja, mataruma yatabadilishwa, vichwa vipya vya treni vitaletwa, na sisi tutapanda tena treni kwenda Likasi, Kamina, hata Kalemie, kama wazazi wetu. Hesabu hiyo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na naona ina kosa. Ushoroba wa Lobito ni njia ya shaba na kobalti. Kwa namna unavyozungumzwa hadi sasa, haumrudishii abiria wa Katanga treni yake. Usipowekewa masharti mapema, unaweza kumwacha pabaya kuliko alipo leo.

Tuanze na ramani, maana kosa linaanzia hapo. Watu husema "reli" kana kwamba ni kitu kimoja. Njanja, kama wazee wa mji huu wanavyoiita mpaka leo, ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini kupitia Sakania, na mji ukazaliwa pamoja nayo. Mwaka 1918 ikafika Bukama, pale mto Lualaba unapoanza kubeba vyombo. Mwaka 1928 ikafika Ilebo kwenye mto Kasai, mwaka 1931 tawi la magharibi likaungana na reli ya Benguela mpakani Dilolo, na mwaka 1956 Kamina ikaunganishwa na Kabalo, ndipo mtu akaweza kutoka Lubumbashi mpaka ziwa Tanganyika kwa reli. Leo mtandao wa SNCC, shirika la reli la serikali ya Kongo, una zaidi ya kilomita 3,600. Fundo la yote hayo ni Tenke. Ukitoka Lubumbashi ukapita Likasi unafika Tenke, na hapo njia inagawanyika: ya magharibi inakwenda Kolwezi, Dilolo na bahari ya Angola, ya kaskazini inakwenda Lubudi, Luena, Bukama na Kamina, kisha Kasai au Kabalo. Ushoroba unaozungumzwa Washington na Luanda unashika njia ya magharibi. Hata mkopo wa dola milioni 553 wa DFC, lile shirika la serikali ya Marekani la kukopesha miradi ya nje, ni wa upande wa Angola. Njia ya kaskazini, ambako watu wanaihitaji treni kuliko mahali pengine popote Katanga, haimo katika mazungumzo hayo.

Na watu wa kaskazini hawakungoja reli itengenezwe. Wako juu yake tayari. Karibu usiku wa manane tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo iliyokuwa ikitoka Luena kwenda Tenke ilianguka bondeni karibu na kijiji cha Buyofwe, wilaya ya Lubudi. Ilikuwa na mabehewa 15, na wakubwa wa reli wenyewe walisema 12 kati yake yalikuwa matupu. Matupu kwenye karatasi. Mle ndani walikuwamo mamia ya watu waliodandia, na waliokufa walifikia 75. Novemba 2017, katika wilaya hiyohiyo ya Lubudi, treni iliyovuta matangi ya mafuta ilianguka na kuua zaidi ya watu 30, nao wengi walikuwa wadandiaji. Aprili 2014, karibu na Kamina, treni nyingine ya mizigo ikaua makumi. Kila mara taarifa rasmi huwaita watu hao abiria wa kificho, na kila mara tunaambiwa hawakuwa na haki ya kuwa pale. Ni kweli hawakuwa na tiketi. Lakini watu mia kadhaa hawajifichi usiku mmoja kwenye treni moja, mbele ya stesheni nzima. Ule ulikuwa usafiri wa abiria wa njia ile, unaojulikana na kila mtu kuanzia mpanga mabehewa hadi muuza maji wa stesheni, ila hauna kiti, hauna taa wala bima.

Mwaka jana nilikaa nusu siku kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, na mama mmoja anayeuza samaki wakavu wa Bukama. Alikuwa na magunia mawili, yameshonwa mdomoni kwa kamba ya nailoni, kila moja na kitambaa chekundu pembeni ili alitambue gizani. Alinieleza jinsi ya kuchagua behewa. Lenye makaa ya mawe hapana, mzigo huteleza kwenye kona. Tangi hapana kabisa. Zuri ni la wazi lenye kuta ndefu: unaweka gunia kwenye pembe, unakaa juu yake, unajifunga kitenge kiunoni na kukifunga tena kwenye chuma. Malipo ni kabla ya kuondoka, na anayelipwa hana kitabu cha risiti. Nikamuuliza kwa nini hangoji treni ya abiria. "Ile inakuja siku inayotaka yenyewe, mwanangu. Samaki hawangoji. Na hata ikija, mimi wananipa kiti, gunia wanalipeleka kwenye behewa lingine na karatasi. Nikishuka Lubumbashi, gunia liko wapi? Gunia ni mimi."

Jibu lile limebadilisha namna ninavyolitazama jambo hili zima. Mpangaji wa treni ya abiria huanza na kiti: viti vingapi kwa behewa, mabehewa mangapi kwa kichwa kimoja. Mfanyabiashara wa Bukama huanza na gunia, kwa sababu ndani yake mna mtaji wake wote, na mara nyingi mtaji huo ni wa kukopa. Likipotea siku tatu, samaki wameharibika; likipotea kabisa, ameanguka na aliyemkopesha. Kwa hiyo treni ya viti peke yake, hata ikiwa safi na ikafika kwa saa yake, haitamshusha kutoka kwenye behewa la mizigo. Atapanda mwanafunzi, atapanda askari na mtumishi wa serikali, na hao pia wana haki yao. Lakini waliokufa Buyofwe wengi hawakuwa wao. Treni ya mchanganyiko, yenye mabehewa ya watu na behewa la mizigo yao limeunganishwa hapohapo nyuma, si uvumbuzi wowote; ilikuwa jambo la kawaida kwenye reli nyingi za Afrika. Inachohitaji ni mizani stesheni, bei iliyoandikwa ukutani, kibandiko cha namba chenye vipande viwili, kimoja kwenye gunia na kingine mkononi mwa mwenyewe, na mlango ambao mwenye mzigo anaweza kuufikia treni ikisimama. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kichwa kimoja cha treni. Kukosekana kwake ndiko kunakomweka mama yule juu ya chuma usiku.

Sasa nije kwa wanaosema: mizigo kwanza, abiria watafuata. Hoja hii ina nusu yenye nguvu na nusu dhaifu, na tusizichanganye. Nusu yenye nguvu ni kwamba bila mzigo hakuna fedha ya kutunza njia. Kokoto, mataruma, madaraja na ishara hulipwa na tani za shaba, wala si na nauli ya mwanafunzi wa Likasi, na njia ikioza, treni ya abiria huoza nayo. Hilo tumeliona kwa macho yetu: vichwa vya treni vilipokwisha na njia ilipozeeka, shaba ilihamia kwenye malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mapato ya reli yakaondoka nayo. Mtu anayetaka treni ya abiria lazima atake pia treni ya shaba. Nusu dhaifu ni hilo neno "watafuata". Reli yetu ni njia moja. Treni mbili zikikutana, moja lazima iingie pembeni ingoje. Njia za kupishania zikiwekwa chache, kwa hesabu ya treni ndefu za mzigo zinazokwenda polepole, treni ya abiria itakayokuja baadaye itakuta saa zote zimeshauzwa. Kwenye kona, reli ya nje huinuliwa juu kidogo kuliko ya ndani, na kiasi cha kuinua hufuata mwendo uliopangwa. Ukipangwa mwendo wa mzigo peke yake, behewa la abiria nalo litabaki na mwendo huohuo. Mambo haya huamuliwa siku mashine za kutengeneza njia ziko pale. Kuongeza njia ya kupishania wakati mashine, kokoto na wafanyakazi wapo ni kazi ndogo. Kuwarudisha miaka kumi baadaye kwa ajili ya treni mbili za abiria ni jambo ambalo hakuna mwekezaji atakayelikubali. Asiyehesabiwa leo hatafuata kesho.

Majirani wanatupa ushahidi. Angola ilipotoa mkataba wa miaka 30 kwa kampuni ya Lobito Atlantic Railway, inayoundwa na Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, usafiri wa abiria haukuachwa hewani: ulibaki kwa shirika la zamani la reli ya Benguela, CFB. Mtu anaweza kubishana kama CFB inaufanya vizuri, lakini angalau anajua mlango wa kubisha. Uganda ilikaa tangu miaka ya 1990 bila treni ya abiria huku mizigo ikiendelea kupita. Ilirudi Desemba 2015, Kampala hadi Namanve, kwa sababu mamlaka ya jiji iliitaka na ikatia mkono. Nao Watanzania wanaikumbuka treni ya Mwakyembe. Oktoba 2012, waziri wa uchukuzi Harrison Mwakyembe alisukuma mabehewa ya zamani yakarabatiwe yaanze kubeba watu wa Dar es Salaam, mstari mmoja kwenye njia ya reli ya kati na mwingine kwenye njia ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ambayo ina upana sawasawa na yetu. Hawakungoja reli mpya. Wala hakuna hata moja kati ya treni hizi iliyokuja yenyewe kufuata mzigo. Kila mahali palikuwa na mtu au ofisi iliyotamka kwamba abiria ni kazi yake.

Hoja ya pili husema abiria ni hasara, na nchi yenye shida kama yetu haiwezi kubeba hasara. Hii naichukulia kwa uzito, kwa sababu ni kweli kwamba nauli ya treni ni nadra kulipa gharama zote, hata katika nchi tajiri. Ndiyo maana huko Ulaya serikali na majimbo hununua huduma kwa mkataba: treni ngapi kwa siku, zisimame wapi, zichelewe kiasi gani, na kwa malipo gani. Kwetu desturi imekuwa tofauti. Shirika la reli liliambiwa libebe abiria kwa nauli ya chini, serikali ikasahau kulipa tofauti, na deni hilo likaangukia wafanyakazi waliokaa miezi mingi bila mshahara, na mabehewa yaliyokosa vipuri. Hiyo ndiyo hasara mbaya, kwa sababu haina jina wala mwenye kuilipa. Ila kusema fedha hakuna ni jambo jingine. Kwa sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, mrabaha wa shaba ni asilimia 3.5 na wa kobalti, kama madini ya kimkakati, asilimia 10. Mrabaha huo hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo lenye mgodi, 15 kwa mji au sekta ya mahali, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba yana uwezo wa kununua treni ya kila siku kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi bila kungoja Kinshasa. Ugumu uko kaskazini. Tangu Katanga igawanywe majimbo manne mwaka 2015, Bukama na Kamina ziko Haut-Lomami, ambako mrabaha ni mdogo. Kabalo na Kalemie ziko Tanganyika. Treni ya huko haiwezi kutegemea mfuko wa jimbo. Ni lazima itoke kwenye ile asilimia 50, na wabunge wa majimbo haya manne, ambao mara nyingi huzungumza kila mmoja na lugha ya jimbo lake, wangefanya vizuri kuidai kwa sauti moja.

Kuhusu barabara sitakaa sana. Kati ya Lubumbashi na Likasi, kilomita kama 120 za lami, basi lina faida kubwa: linaondoka mara nyingi, na linamshusha mtu karibu na kwake. Treni itashindana hapo ikiwa tu ina saa inayojulikana na inamkwepesha mtu foleni ya malori. Nina matumaini zaidi na Kipushi, kilomita kama 30 tu, ambako mgodi umefunguliwa tena mwaka 2024 na watu wanakwenda na kurudi kila siku. Kaskazini ya Tenke ni dunia nyingine. Kuanzia Novemba mvua zikishika, barabara nyingi za huko zinabaki jina tu, na lori linaweza kulala wiki kwenye tope. Wanaosema barabara inatosha wanazungumzia RN1, barabara kuu ya lami, wakiwa wamekaa juu yake.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na inayopendwa kuliko zote, ni ile ya SGR, yaani reli mpya yenye upana mkubwa kuliko wetu. "Tanzania wamejenga ya kisasa, na sisi tung'oe hii ya Wabelgiji tujenge ya kisasa." Naielewa hamu hiyo. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na tangu Julai mwaka huo hadi Dodoma, na kila ndugu aliyeipanda anarudi na picha. Lakini kinachomfurahisha abiria wa Dodoma si upana wa reli, ni kwamba treni inaondoka saa iliyoandikwa, tiketi yake ina namba ya kiti, na stesheni ina taa na choo. Reli yetu ina upana wa milimita 1,067. Japani, kwenye upana huohuo, treni za kawaida hukimbia kilomita 120 hadi 130 kwa saa, na Queensland, Australia, treni ya abiria hufika 160. Sisi wenyewe tulikuwa na treni ya umeme kati ya Likasi na Tenke mwaka 1952, kwa mfumo wa umeme ambao wakati huo nchi chache sana duniani zilikuwa zimeujaribu. Upana haujawahi kuwa ugonjwa wetu. Tena ndio mali yetu kubwa: Angola, Zambia, TAZARA, Zimbabwe, Msumbiji na Afrika Kusini wote wako kwenye 1,067, kwa hiyo behewa lililopakiwa Kolwezi linaweza kufika Lobito, Dar es Salaam au Durban bila kuhamisha mzigo. Kuibadilisha ni kujitenga na majirani wote kwa mabilioni ya dola, na kwa miaka yote ya ujenzi mama wa Bukama angeendelea kukaa juu ya gunia lake kwenye behewa la wazi.

Nilisema mwanzoni kwamba abiria anaweza kubaki pabaya kuliko leo, na nisiliache neno hilo hewani. Shaba inayosafiri kwa siku chache ina thamani, na mwenye nayo ataweka walinzi. Mwishoni mwa Desemba 2023, shehena ya majaribio ya tani 1,110 kutoka mgodi wa Kamoa-Kakula ilifika Lobito kwa siku nane; safari ya namna hiyo ikishakuwa ya kila siku, mabehewa yatafungwa na wadandiaji watafukuzwa. Kuwafukuza ni sawa, kwa sababu kudandia kunaua. Lakini anayefunga dirisha bila kufungua mlango wa mbele anajua watu watavunja ukuta: watapanda usiku zaidi, mbali zaidi na stesheni, treni ikiwa inatembea. Na mwendo ukiongezeka, hatari itafika hata kwa wasiosafiri. Tazama jinsi Lubumbashi na Likasi zilivyoisogelea njia ya reli katika miaka ya treni chache: meza za soko hatua tatu kutoka kwenye chuma, watoto wanaoifuata kwenda shule, vivuko visivyo na kizuizi wala mlinzi. Treni nzito zikianza kupita usiku na mchana, vivuko hivyo navyo vinapaswa kuwamo kwenye bajeti ya ushoroba, pamoja na madaraja.

Jambo linalonipa matumaini ni kwamba wakati wa kudai ni huu, na tuna kitu mkononi. Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya Kichina CCECC mkataba wa dola bilioni 1.4 wa kufufua na kuendesha TAZARA kwa miaka 30. Magharibi kuna Lobito, mashariki kuna TAZARA, na zote mbili zinataka shaba hii hii inayotoka Kolwezi, Likasi na Fungurume. Mwenye mzigo unaogombewa na njia mbili ana haki ya kuweka sharti, na sharti letu linaweza kuandikwa kwa ukurasa mmoja: saa za treni ya abiria zitengwe kwenye ratiba kabla ya saa za mzigo kuuzwa, njia za kupishania na kona zipangwe kwa treni zote mbili, sehemu ya ada itakayolipwa na kila treni ya shaba kwa kupita kwenye njia ya SNCC ipelekwe kutengeneza tawi la kaskazini, Tenke hadi Kamina, na ucheleweshaji utangazwe kila mwezi, tuusome sote. Wawekezaji hawatakimbia kwa hayo. Mgodi hauhami.

Na kama ningeulizwa mahali pa kuanzia, nisingeanza na jengo kubwa la stesheni ya Lubumbashi, ingawa ndilo litakalopendeza kwenye picha za uzinduzi. Ningeanza Tenke. Pale ndipo anayetoka Bukama hukutana na njia ya Kolwezi na ya Lubumbashi, pale ndipo anaposhuka usiku na kungoja asijue anangoja nini. Leo abiria wa reli zetu mara nyingi hupanda behewa kutoka kwenye kokoto, mguu mmoja juu ya ngazi ya chuma iliyo kifuani kwake, mtoto mgongoni, mtu mwingine akimsukumia gunia kutoka chini. Jukwaa la zege lenye urefu wa mabehewa manne, lililo sawa na sakafu ya behewa, linaondoa hilo lote. Juu yake paa la bati, kwa sababu mvua ya Januari haina huruma na samaki wakavu. Pembeni bomba la maji na vyoo viwili vyenye mlango. Taa za jua, mizani, na ubao wenye nauli ya mtu na nauli ya gunia, kwa faranga na kwa Kiswahili. Treni ya kaskazini ifike Tenke Jumanne na Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na ile ya Lubumbashi iwe inaingoja upande wa pili wa jukwaa hilohilo, behewa la mizigo likiwa limeshafunguliwa, ili mama avuke hatua kumi, gunia lake likiwa mbele ya macho yake.